Anaona milima ya Uluguru ila sahani yake haioni: kisa cha bamdogo

Bamdogo mwenyewe kaniambia niandike, ila jina lake nisiweke, na hospitali nisitaje, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Ni fundi cherehani, anakaa Morogoro, ana miaka 58, ameanza kushona akiwa na miaka 19. Ana sukari, ana presha, vyote ni vya muda mrefu. Sa hivi ukimkuta kibarazani kwake asubuhi atakuonyesha milima ya Uluguru, atakwambia leo mawingu yameshuka mpaka katikati ya mlima, halafu mamdogo anamwekea sahani ya wali mbele yake na unamuona anapapasa kutafuta kijiko kama mtu aliyezimiwa taa. Watu wakiona hivyo wanasema anaigiza. Kuna jirani alimwambia kabisa usoni, mbona juzi nimepita na bodaboda umenipungia mkono?

Haigizi. Macho yake yote mawili yamepoteza nusu ya chini. Cha juu anakiona, kwa ukungu ukungu lakini anakiona, cha chini hakipo. Sio cheusi, anasema hakipo tu, kama vile wewe usivyoona kilicho nyuma ya kisogo chako. Na kwa fundi, kazi yote iko chini ya uso: sindano, kitambaa, mkasi, chaki, pedeli.

Ilianza Machi 2023, jicho la kulia. Aliamka vizuri tu, hamna maumivu, hamna wekundu, hamna matongotongo, akaenda kunawa akaona beseni kama limekatwa. Akajua ni usingizi. Akafanya kazi siku mbili hivyo hivyo, hakumwambia mtu. Siku ya tatu mamdogo ndo akagundua, mana alimuona anamimina chai pembeni ya kikombe na wala hajashtuka mpaka ikamfikia mguuni.

Wakaenda kituo cha afya. Wakampima presha wakakuta iko juu, wakasema presha imepanda imeingia machoni. Hilo neno ndo lilitupoteza miezi mingi. Kwetu sisi ukisema presha ya macho watu wanaelewa ule ugonjwa wa maji ya ndani ya jicho kuwa na mgandamizo mkubwa, ambao una matone yake ya kudumu. Presha ya damu ni kitu kingine. Sasa mmoja kasema hivi, wa pili kasikia vile, wa tatu kaandika dawa, bamdogo akawa anaweka matone usiku na asubuhi kwa miezi saba, na hakuna aliyempima huo mgandamizo wa jicho hata siku moja. Ulipokuja kupimwa baadaye ulikuwa wa kawaida kabisa.

Na miwani. Alinunua miwani mara tatu, ya mwisho laki moja na themanini. Kila akivaa anasema labda bado sijaizoea. Ndugu wengine walikuwa wanasema ni mtoto wa jicho, subirini likomae likatwe. Nakumbuka shangazi alivyokuwa na matumaini na huo upasuaji, alishaanza kuchangisha.

Nieleze kwa lugha yetu tatizo lilikuwa wapi, mana mimi mwenyewe nilielewa nikiwa nimeshachelewa. Chukua televisheni ya nyumbani. Dishi ni jicho, televisheni ni ubongo, katikati kuna waya. Dishi zima, televisheni nzima, waya umeungua. Utabadilisha dishi, utafuta kioo cha televisheni, picha haiji. Huo waya ndo neva ya jicho, mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho kwenda ubongoni, na ndani yake kuna nyuzi zaidi ya milioni moja nyembamba sana. Pale neva inapoanzia, kwenye kichwa chake, inalishwa na vimishipa vidogo vidogo vya damu. Damu ikipungua pale kwa muda, nyuzi zinavimba, na kama mlango wa kutokea ni mwembamba wa kuzaliwa basi zikivimba zinabanana zenyewe kwa zenyewe, damu inazidi kukosa njia, na nyuzi zinakufa. Zikifa hazioti tena. Ni kama kiharusi kidogo, ila cha neva ya jicho badala ya ubongo. Kinampata sana mtu wa miaka 50 kwenda juu mwenye presha au sukari, na wengi wanaamka nacho asubuhi.

Kwa nini asubuhi? Mana usiku presha ya damu inashuka yenyewe kwa watu wengi. Sasa bamdogo alikuwa ameongezewa dozi ya presha mwezi wa pili mwaka huo, na vidonge vyote alikuwa anameza saa nne usiku akienda kulala. Sisemi hivyo vidonge ndo vilimpofusha, na nisingependa mtu asome hapa akaacha dawa yake ya presha, mana hiyo ni hatari kubwa zaidi. Nachosema ni kwamba hakuna aliyemuuliza anameza saa ngapi.

Jicho la kushoto likafuata Mei 2024. Miezi kumi na minne baadaye. Aliamka kuswali alfajiri, akasimama mlangoni, akamuita mamdogo kwa sauti ambayo mamdogo anasema hajawahi kuisikia kwake miaka yote ya ndoa. Akamwambia, miguu yangu siioni.

Mimi nilikuwa Dar. Walipanda basi siku ile ile, nikawapokea, kesho yake tukawa hospitali kubwa kliniki ya macho, na pale ndo kwa mara ya kwanza alikutana na daktari aliyemaliza nae muda. Dokta alikuwa binti mdogo kiumri, akamwamkia shikamoo baba, akazima taa ya chumba, akachukua tochi ndogo akawa anaihamisha, kushoto, kulia, kushoto, kulia, taratibu kama pendulamu. Akaniita na mimi nisogee niangalie. Mwanga ukiwa jicho la kushoto mboni inajikunja inakuwa ndogo. Akihamishia la kulia, mboni badala ya kubaki ndogo inafunguka, inakuwa kubwa, na mwanga uko pale pale unaipiga. Alisema jicho linapokea mwanga ila neva haipeleki taarifa ya kutosha, ndo mana ubongo unafikiri giza limeingia. Kipimo cha tochi. Dakika moja. Na miezi kumi na minne hakuna aliyekifanya.

Akamwekea matone ya kufungua mboni, akaangalia nyuma ya jicho. La kulia kichwa cha neva kimepauka, maana yake ni la zamani limeshakufa. La kushoto kimevimba, jipya. Akasema hapo siwezi kukisia, mana moja kupauka na lingine kuvimba inaweza pia kuwa uvimbe kwenye ubongo, kwa hiyo akaagiza kichwa kipigwe CT scan. Akaagiza na vipimo vya damu vya kuangalia mishipa kama inawaka, akamuuliza kama kichwa kinauma akichana nywele, kama taya linachoka akitafuna, mana kuna ugonjwa wa mishipa ya damu wa watu wazima unaofanana na huu na ule ukichelewa dawa siku chache unaweza kuchukua macho yote. Vyote vikarudi safi.

Kisha akamuuliza swali, baba, unakoroma? Mamdogo ndo akajibu, akasema anakoroma mpaka anakata pumzi, mimi huwa namsukuma. Akauliza vidonge vya presha anameza saa ngapi. Halafu akamuuliza kama ametumia dawa za nguvu za kiume. Bamdogo akanyamaza, akageuza uso, nikaelewa nikatoka nje nikamuomba na mamdogo tutoke. Alichojibu mle ndani sikijui na sitaki kukijua. Naandika tu kwamba hizo dawa zimetolewa tahadhari ya kuhusishwa na tatizo hili hili toka 2005 huko Marekani, na mtaani kwetu zinauzwa kama pipi, mpaka kwenye meza za barabarani, na mtu mwenye sukari na presha na ambaye jicho moja limeshapigwa hatakiwi kuzigusa bila daktari.

Nikamuuliza dokta, dawa yake nini. Hakuzunguka. Akasema dawa iliyothibitishwa ya kufufua hii neva haipo. Kulikuwa na upasuaji wa kupunguza mbano kwenye ala ya neva, yaani ganda linaloizunguka, utafiti mkubwa wa Marekani ukachapishwa 1995 ukaonyesha hausaidii na unaweza hata kudhuru. Katika utafiti huo huo wale ambao hawakufanyiwa kitu, kama 43 kati ya 100 walipata nafuu ya mistari mitatu au zaidi kwenye chati ya kusoma ndani ya miezi sita, wenyewe tu. Na walipoendelea kufuatiliwa, kama 15 kati ya 100 walipigwa na jicho la pili ndani ya miaka mitano.

Hiyo 15 ndo inaniuma. Kwa sababu wakati jicho la kwanza limeondoka kulikuwa bado na kitu cha kulinda, na sisi tulikuwa bize na jicho lililokufa. Matone, miwani, dua, michango ya upasuaji, kila kitu kilienda kwenye jicho la kulia. La kushoto hakuna aliyeliangalia. Sukari yake ilikuwa hovyo, anakoroma, anameza dawa usiku. Sijui kama vingerekebishwa jicho lingepona, hakuna anayeweza kuapa hilo, ila angalau tungekuwa tumejaribu kwenye jicho ambalo kujaribu kulikuwa na maana. Kama una ndugu aliyepoteza jicho moja ghafla namna hii, swali la kwanza la kumuuliza daktari ni la jicho lililobaki.

Waliporudi Moro karatasi ilisema arudi baada ya miezi mitatu. Basi. Hakuna aliyemfundisha kula, kutembea wala kushika hela. Mambo mengine tumejifunza kwa kuumia.

Wali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani, mamdogo akabadilisha sahani zikawa za bluu. Chai anamimina kwenye kikombe cheupe na anasikiliza sauti ya kikombe kikijaa, uji kwenye kikombe cheusi. Ngazi mbili za kibarazani tulipaka ncha zake rangi ya njano, iliyobaki kwenye geti. Hela anakunja, elfu kumi mara nne, elfu tano mara mbili, elfu mbili ananyoosha, na anakunja mwenyewe hapo hapo anapopewa, mbele ya mteja. M-Pesa ilikuwa inamtesa sana, alikuwa anampa mtoto wa jirani simu aingize namba ya siri, mpaka siku akakuta elfu thelathini haipo. Tukawasha TalkBack, ile programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo, kwenye simu yake ya Android na sauti ya Kiswahili, siku ya kwanza aliitupa kochini akasema hii simu inanigombeza. Baada ya wiki mbili alikuwa anapiga *150*00# mwenyewe, kavaa earphone sikio moja.

Kubwa kuliko yote ni namna ya kuangalia, na hili alilifundishwa Septemba na mtaalamu wa uoni hafifu tulipomrudisha Dar, safari hiyo kwa treni ya SGR. Mtu aliyepoteza nusu ya chini akiangalia kitu moja kwa moja, kinachofuata chini yake kinapotea. Kwa hiyo akitaka kuona kijiko asiangalie kijiko, aangalie tumbo lake. Macho yashuke chini zaidi ya kile anachokitafuta, ili kile kitu kiingie kwenye nusu ya juu iliyobaki. Inaonekana rahisi, lakini jaribu kuangalia kifungo cha shati lako huku unachota wali uone. Bamdogo alilia pale, mara ya kwanza namuona analia, akasema mwanangu ina maana miezi yote hii kulikuwa na kitu cha kufundishwa?

Nirudi kidogo nyuma, kuna jambo alilificha wiki kama tatu mwezi wa saba. Alikuwa anaona vitu. Pale chini ambapo hapaoni, alianza kuona michoro kama wavu wa dirisha inatembea, halafu siku moja akaona watoto wawili wamevaa kofia wamekaa kwenye ngazi, wametulia, hawasemi. Akamuuliza mamdogo wale watoto wa nani. Hamna watoto. Unaweza kujua mwenyewe kilichofuata kwa nyumba yetu, wengine wanasema majini, wengine wanasema sukari imepanda kichwani, mmoja akataka apelekwe kwa mganga kule kijijini Matombo. Bamdogo mwenyewe alishaamini anachanganyikiwa, akaacha kukaa kibarazani ili asiwaone.

Hiyo ina jina, inaitwa Charles Bonnet syndrome. Charles Bonnet, msomi wa Uswisi, aliandika mwaka 1760 kuhusu babu yake aliyekuwa hana uoni mzuri na alikuwa anaona watu, ndege, majengo, na akili yake ni timamu. Ubongo ukikosa picha kutoka kwenye macho unatengeneza za kwake. Havina sauti, havina harufu, na mwenye navyo akielezwa anajua si vya kweli. Nilimsomea kwa simu usiku ule, akanyamaza muda, akasema kwa hiyo sio wazimu. Nikamwambia sio wazimu bamdogo. Watoto wale hawajaondoka kabisa, wanakuja akichoka, ila sasa akifumba na kufumbua macho mara kadhaa wanapotea na anaendelea na shughuli zake. Nakuomba kama una mgonjwa wa macho nyumbani muulize taratibu kama anaona vitu, wengi hawasemi kwa kuogopa hicho hicho alichoogopa yeye.

Fimbo nyeupe aliikataa miezi mitano. Alisema fimbo ni kujitangaza kwamba nimekwisha, wateja watakimbia. Oktoba akaingia kwenye mtaro, ile mitaro yetu isiyo na mifuniko, akachanika muundi wa kulia, na kwa mtu wa sukari kidonda cha mguu ni habari nyingine kabisa, kilichukua wiki tisa kufunga na kila siku tulikuwa tunawaza mguu. Ni hicho kidonda kilichomshawishi, sio maneno yetu. Mtu aliyepoteza nusu ya chini anaihitaji fimbo kuliko anavyofikiria, mana mbele anaona ukuta na watu na magari, anatembea kwa kujiamini, na kinachomuua kiko chini: mtaro, jiwe, bodaboda iliyolazwa njiani. Sasa anatembea nayo mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu na kurudi.

Kazi. Wateja walipungua kweli. Binti wa kujifunza aliyekuwa nae ndo anakata sasa, bamdogo anapima mteja akiwa amesimama, mabega na kifua anaviona, kiuno na urefu anapima kwa vidole kwenye tepu aliyoipiga pini ndogo kila inchi tano. Vipimo vinaandikwa kwa mark pen nene kwenye daftari, na anasoma kwa kutumia kipande cha boksi jeusi kilichotobolewa kidirisha cha mstari mmoja, ili mistari mingine isimchanganye. Mishono mirefu iliyonyooka anashona mwenyewe, mkono wa kushoto ukiwa umelala kando ya mguu wa cherehani kama reli. Uzi anatunga kwa kale kawaya kembamba ka kuvutia. Kola na mifuko amemwachia binti.

Amejiandikisha ustawi wa jamii, na kuna kikundi cha watu wenye ulemavu anajiunga nacho ili waombe ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mwanzoni alikataa neno mlemavu. Nilimwacha, nadhani ilikuwa haki yake kulikataa kwa muda wake.

Kinachobaki ni kulinda kilichopo. Vidonge vya presha alihamishiwa asubuhi na daktari wake, sukari anapima na kuandika. Kukata pumzi usiku kuna mashine yake ya kupuliza hewa, bei yake hatujaiweza. Daktari alisema angalau asilale chali. Bamdogo akakaa kwenye cherehani, akachukua fulana ya zamani, akaishonea mfuko mgongoni katikati ya mabega, akatia mpira wa tenesi ndani, akafunga kwa vifungo viwili ili fulana ikifuliwa mpira utoke. Akijigeuza chali mpira unamsumbua anarudi ubavu. Ule mfuko alikata na kushona peke yake, na mishono yake niliikagua kwa vidole, imenyooka. Mamdogo anasema sasa hivi kukoroma kumepungua, na wiki iliyopita fundi mwenzake wa jirani kaja kuomba ashonewe na yeye.